Hilux Ndefu, Breki Fupi

SWALI: Msomaji ameinua nyuma ya Toyota Hilux yake kwa vipande vya chuma vya inchi 2, kati ya springi na ekseli. Sasa gari hutetemeka likiondoka, na breki zikikanyagwa pua huinama. Afanyeje bila gharama kubwa?

JIBU: Aanze na breki. Hilux nyingi za zamani zina vali kwenye chesisi, iliyounganishwa na ekseli kwa fito, inayopima mzigo kwa kimo cha gari. Likiinuliwa, vali hudhani gari ni tupu hata likijaa magunia, na hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Dawa ni kibao cha chuma kinachopandisha kishikizo cha fito kwenye ekseli kwa inchi zilezile 2. Mpira wa breki nao ukaguliwe ekseli ikining'inia. Ukivutika, uwekwe mrefu zaidi.

Mtetemo? Mara nyingi ni pembe ya propela shafti ya vipande viwili. Beringi yake ya kati ishushwe kidogo kidogo kwa spesa, huku gari likijaribiwa.

Wapo mafundi wanaorundika vipande viwili viwili kutafuta kimo. Huo ni uzembe mtupu: ekseli inaweza kuhama. Hata kwa kimoja, yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.