SOMO LA WIKI: Kifaa cha Marekani hakioni mvua ya Moshi

Asubuhi, mtu aliyesimama Shirimatunda huuona Mlima Kilimanjaro wote, kuanzia migomba hadi theluji. Ikifika saa tano au saa sita mchana, mara nyingi mlima huo haupo tena, mawingu yameufunika. Kwa muuza ndizi hilo halibadilishi bei. Kwa mwenye hisa katika ndege ndogo inayopeleka watalii kati ya Moshi, KIA na mbuga za kaskazini, mawingu hayo ni sehemu ya mizania ya kampuni yake.

Wafanyabiashara wanaoingia katika biashara hiyo kwa kuchangiana, watu watatu au wanne wakinunua Cessna 206 au Caravan iliyotumika, huchunguza injini, hati na bima. Vifaa vya kufuatilia ndege na vya kuonyesha hali ya hewa huachiwa muuzaji, naye huviorodhesha kama mapambo ya kupandishia bei. Hapo ndipo fedha hupotea, na wakati mwingine si fedha tu.

Historia ya mlima huu inatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya DC-3 ya East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro na watu wote 20 wakafa. Novemba 2008 ndege ndogo aina ya Cessna iliangukia mlimani humo humo. Watalii 4 wa Kitaliano walikufa, rubani akanusurika. Novemba 2017 Caravan ilianguka eneo la Empakaai, Ngorongoro, na kuua watu 11.

Mnunuzi atenganishe maswali mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Swali la kwanza ni: ndege iko wapi? La pili: mbele yake kuna nini? Kifaa kinachojibu la kwanza hakizuii ajali, hupunguza muda wa kutafuta. Kinachojibu la pili humsaidia rubani kugeuka mapema.

Tuanze na mtego mkubwa. Ndege nyingi zilizotumika hutoka Marekani, na matangazo yake husema zina "hali ya hewa bure" kwenye skrini ya rubani. Ni kweli, zikiwa Marekani. Kule mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, hurusha picha za mvua kutoka mitambo ya ardhini kwa masafa ya megahezi 978, na kifaa cha ndani ya ndege huzipokea bila malipo. Mitambo hiyo haipo Tanzania. Huduma ya kulipia ya SiriusXM nayo ni ya Amerika ya Kaskazini. Kifaa kikifika Moshi kitawaka vizuri, kitaonyesha ramani nzuri, na sehemu ya mvua itabaki tupu. Rubani mgeni anaweza kudhani utupu huo ni anga safi. Kwa hiyo mnunuzi asikubali kulipia hata senti moja ya sifa hiyo.

Kinachofanya kazi huku ni cha aina nyingine. Kuna vifaa vinavyopata taarifa za hali ya hewa kwa setilaiti za Iridium, ambazo hufika kila pembe ya dunia. Garmin GSR 56 ni mfano mmoja. Ada yake hulipwa kwa dola. Kuna Stormscope, chombo kinachosikiliza umeme wa radi na kumwonyesha rubani upande uliko. Hakihitaji mtambo wowote wa ardhini wala ada, hivyo radi ya Same hukisikika sawa na ya Texas. Na kuna rada ya ndani ya ndege yenyewe. Caravan huibeba chini ya bawa, kwa kuwa puani kuna injini. Kwa Cessna ndogo ni gharama isiyo na maana.

Hata hivyo, mnunuzi wa Kilimanjaro aelewe kwamba rada huona matone ya mvua, na Stormscope husikia umeme. Wingu kavu lililofunika mwamba halionekani na chochote kati ya hivyo. Ndiyo maana katika ukanda huu GPS yenye ramani ya miinuko na onyo la kukaribia ardhi ina thamani kuliko skrini ya mvua, ingawa haivutii sana katika tangazo la mauzo. Mlima wa mita 5,895 hauhami, na mashine inaweza kukariri ulipo.

Aidha, picha ya mvua inayoletwa kwa mawimbi ni ya zamani kidogo. Mwaka 2012 bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilitahadharisha kuwa picha inaweza kuwa na umri wa dakika 15 hadi 20 zaidi ya ule ulioandikwa kwenye skrini. Inafaa kwa kukwepa dhoruba kwa mbali. Haifai kwa kupenya katikati ya mbili.

Sasa upande wa kufuatilia. Rada za kuongozea ndege zimeongezeka nchini: mwaka 2017 serikali iliingia mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa kwa rada nne, za Dar es Salaam, KIA, Mwanza na Songwe, kwa Shilingi bilioni 67.3. (Wasomaji wanaokumbuka rada ya BAE ya Pauni milioni 28 wanajua kuwa hata serikali huweza kuuziwa kifaa ghali kisichoendana na mahitaji.) Lakini mawimbi ya rada, kama yale ya transponda ya ADS-B, huenda kwa mstari ulionyooka. KIA ipo kusini magharibi mwa mlima. Ndege inayoruka chini upande wa Tarakea ina mlima mzima katikati.

Pengo hilo huzibwa na kifaa cha setilaiti, na bei yake inategemea sana mara ngapi kinatuma mahali ndege ilipo. Ndege ya mwendo wa kilomita 220 kwa saa husafiri karibu kilomita 37 katika dakika 10. Ikinyamaza, waokoaji wana duara la zaidi ya kilomita za mraba 4,200. Kifaa kikituma kila dakika 2, duara hilo hushuka hadi kama 170. Tofauti ya ada ya mwezi ni ndogo mno kwa tofauti hiyo. Sheria haitamsukuma mwenye ndege ndogo: kanuni ya ICAO ya kufuatilia kila dakika 15, iliyotokana na kupotea kwa ndege ya Malaysia mwaka 2014, inahusu ndege kubwa.

Redio ya dharura, ELT, ni jambo jingine. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya 121.5 tarehe 1 Februari 2009. ELT isiyo ya megahezi 406 leo haisikiki na setilaiti. Na ya 406 iliyobaki na usajili wa mwenye ndege wa Marekani itawafanya waokoaji wampigie simu mtu ambaye ameshaiuza.

Gharama je? Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya dukani: kifaa na kukifunga Dola 4,000, ada Dola 100 kwa mwezi. Kwa miaka 5 ni Dola 10,000. Ndege ikiruka saa 600 kwa mwaka, ni Dola 3.33 kwa saa, au senti 67 kwa kila kiti kati ya viti 5 vya abiria. Ikiruka saa 150 tu, ni Dola 13.33 kwa saa. Wenye hisa waulize kwanza ndege itaruka saa ngapi.

Waulize pia nani atakayeangalia. Kampuni yenye kifaa kizuri na ofisi iliyofungwa siku ya Jumapili haina ufuatiliaji.

Kabla ya malipo ya mwisho, ndege iwashwe ikiwa imeegeshwa Moshi, taarifa ya mvua ya siku hiyo ionekane kwenye skrini, na alama ya ndege ionekane kwenye simu ya mwenye hisa. Kisicholeta kitu hapo kikatwe katika bei.