Kung'oa Vigae vya Sakafu

Siku hizi nyumba nyingi za Korogwe na Handeni mjini zina sakafu ya vigae, yaani marumaru. Vikizeeka, wengi tunataka kuving'oa wenyewe.

Hebu kwanza tugonge kila kimoja kwa mpini wa nyundo. Kinacholia kama debe tupu kimeachia, anzia hapo. Vikiwa vitatu vinne tu, badili hivyo. Sakafu nzima ya nini? Tindo ilazwe, isije ikatoboa saruji ya chini.

Kubwa ni vumbi. Ndani ya kigae na saruji mna silika. Vumbi lake jembamba huganda mapafuni. Ndilo lililowaumiza wachimbaji wa Mererani, na ugonjwa wake hauponi. Fundi anayeng'oa kila wiki ndiye aliye hatarini zaidi. Kwa hiyo lowesha maji kabla ya kugonga, fungua madirisha, watoto watoke. Tunajua Handeni maji ni shida. Basi tumia yale uliyofulia. Kitambaa puani hakitoshi, tafuta barakoa ya vumbi. Na usifagie pakavu!

Vaa viatu na miwani: vipande hukata kama wembe. Usivitupe njiani, vishindilie chini ya sakafu ya banda au bafu utakalojenga.