Neno la Mwisho la Anwani: Je, Kiswahili Kinahitaji Kikoa Chake?

Katika makala haya ninachunguza swali ambalo wengi huwaachia mafundi: nani ana haki ya kuchagua neno linalokaa mwishoni mwa anwani ya intaneti? Nadai kwamba swali hilo ni la lugha kabla ya kuwa la mitambo.

Kikoa cha ngazi ya juu ni kipande kinachofuata nukta ya mwisho: .com, .org, au .cd ya nchi yetu. Vikoa vya nchi vina herufi mbili, kufuatana na orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi. Ndiyo maana, baada ya Zaire kubadili jina mwaka 1997, .zr iliiachia .cd nafasi yake. Lugha hazimo katika orodha hiyo. Msimbo wa Kikatalani ni ca, lakini .ca ni ya Kanada.

Wakatalani hawakukata tamaa. Waliomba .cat, na mwaka 2005 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, ilikubali. Lugha hiyo huzungumzwa Hispania, Andora, Ufaransa na Italia. Kwa hiyo kikoa kiliwaunganisha wasemaji ambao mipaka imewatenga. Sharti lake ni kwamba tovuti itumikie lugha au utamaduni wa Kikatalani.

Mwaka 2012 ICANN ilifungua mlango kwa wote. Ada ya ombi moja ilikuwa dola 185,000, na maombi yalifika 1,930. Waliounga mkono walisema majina mazuri ya .com yamekwisha na ushindani utaleta nafuu. Waliopinga walihofia utapeli, na kwamba wenye alama za biashara watalazimika kununua jina lao upya katika kila kikoa.

Ugomvi mkali zaidi ulihusu maana. Kampuni ya Amazon iliomba .amazon, Brazili na Peru zikapinga kwa sababu ya mto na msitu. Kwa Kihispania na Kireno mto huo huitwa Amazonas, lakini tamko la Kiingereza lilitosha kuzusha mabishano ya miaka mingi, hadi kampuni iliposhinda. Kuhusu .africa, waombaji walikuwa wawili. Umoja wa Afrika ulimuunga mkono mmoja, mwingine akapeleka kesi mahakamani California, na kikoa kilianza kazi mwaka 2017 tu.

Kwetu fundisho ni lipi? Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, na kama Kikatalani kinavuka mipaka. Lakini tukiomba kikoa, tutaandika .swahili, .kiswahili au .swa, ambao ni msimbo wake wa herufi tatu? Nani atatia sahihi? Na sharti la lugha likiwekwa, Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu kitapokelewa, au kitahesabiwa kuwa kosa?

Mimi naona tusikimbilie kulipa ada kabla ya kujibu maswali haya. Mafundi wanaweza kusajili neno. Kukubaliana neno hilo ni letu sote, na kwamba kila lahaja ina nafasi ndani yake, ni kazi ya vitivo kama chetu.