Sukari Nyeupe na Afya ya Mwili

Mtahiniwa, asubuhi za baridi za Kasulu na Kibondo hazipiti bila kikombe cha chai ya sukari. Soma mada hii ujue sukari hiyo inafanya nini mwilini, na usipoteze alama ikiulizwa.

Maana
Sukari nyeupe ni sukrosi iliyotolewa kwenye miwa na kusafishwa kiwandani. Inatoa nishati, takribani kilokalori 4 kwa gramu, lakini haina protini, vitamini wala nyuzinyuzi. Maharage nayo hutoa glukosi, ila humeng'enywa polepole na huja na virutubisho vingine.

Mwilini
Katika utumbo mwembamba, kimeng'enya sukrase huvunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Glukosi ikiongezeka katika damu, kongosho hutoa insulini. Ziada huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama glikojeni. Inayobaki hugeuzwa kuwa mafuta.

Madhara ya kuzidisha
(a) Meno kuoza: bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi inayoyeyusha enameli.
(b) Unene uliokithiri.
(c) Kisukari cha aina ya pili: unene huongeza hatari ya seli kutoitikia insulini ipasavyo.

Mfano
Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayehitaji kilokalori 2,000. Kijiko cha chai kina gramu 4 hivi. Tuseme umekunywa chai ya vijiko 4, soda yenye gramu 30, na uji wa vijiko 3:

(4 × 4) + 30 + (3 × 4) = gramu 58

Umevuka kiwango, na zaidi ya nusu imetoka kwenye soda.

Makosa ya watahiniwa
"Asali haina kikomo." Si kweli. Hata asali safi ya Kibondo huhesabiwa kuwa sukari huru.
"Kila kisukari huletwa na kula sukari." Si kweli. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili huharibu seli zinazotengeneza insulini. Mwenzako bwenini mwenye ugonjwa huo hakujiletea, usimcheke.

Jipime
1. Kokotoa sukari uliyokula jana. Ungeanza kupunguza wapi?
2. Kwa nini kutafuna miwa hakuozuii meno kuoza?