Saini Mbili Kwenye Daftari la Kifungo cha Nje

Kuna saini mbili nilizoweka mwaka jana ambazo mpaka leo nikizikumbuka najisikia vibaya. Haikuwa fomu ya mkopo wala karatasi ya mtihani. Lilikuwa daftari la mahudhurio la mtu aliyekuwa anatumikia adhabu ya mahakama kwenye shule niliyopangiwa mazoezi ya kufundisha. Nilisaini kwamba Jumanne alifika kazini. Nikasaini na Jumatano. Kiukweli sikumwona siku zote mbili.

Wanachuo wenzangu, naandika haya kwa sababu wengi wetu tunasomea kazi zitakazotukalisha kwenye kiti kile kile: walimu, wauguzi, maafisa maendeleo ya jamii, watendaji wa kata. Nimesoma saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji, lakini hakuna darasa lililowahi kuniambia nifanye nini siku mahakama ikileta mtu aje kufyeka nyasi shuleni kwangu.

Tusichanganye maneno

Mtaani tukisema "kifungo cha nje" tunaweka mambo matatu kwenye kapu moja.

Kwanza, huduma kwa jamii. Hapa Tanzania inaongozwa na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3 anaweza, badala ya kupelekwa gerezani, kuamriwa kufanya kazi bila malipo kwa faida ya umma: shuleni, hospitalini, kwenye ofisi za serikali. Analala kwake na anakula kwake.

Pili, probesheni. Hapa mtu hapewi kifungo. Anawekwa chini ya uangalizi wa afisa kwa muda maalumu na kwa masharti, kama vile kuripoti na kutotenda kosa jingine. Akivunja masharti anarudishwa mahakamani, na anaweza kuadhibiwa kwa lile kosa la mwanzo.

Tatu, parole. Huyu ameshakaa gerezani, na anatolewa kabla ya muda wake kuisha ili amalizie nje kwa masharti. Tuna Sheria ya Bodi za Parole tangu mwaka 1994.

Yote matatu yanafanana kwa jambo moja: hayana ukuta. Gerezani, ukuta na geti vinamfanyia askari nusu ya kazi. Huku nje kinachoshikilia adhabu ni binadamu anayefuatilia na kuandika alichokiona.

Ilianzia kwa fundi viatu

Historia ya kazi hii inapendeza. Mwaka 1841 huko Boston, Marekani, fundi viatu aitwaye John Augustus alimdhamini mlevi mmoja aliyekuwa anakaribia kufungwa. Alimchukua, akamsaidia kuacha pombe, kisha akamrudisha mbele ya hakimu akiwa amebadilika. Akaendelea hivyo kwa miaka 18, hadi alipofariki, na aliowadhamini walizidi 1,900. Uingereza ikatunga sheria mwaka 1907, na ndani yake kazi ya afisa ikaelezwa kwa mambo matatu: kumshauri mtu, kumsaidia, na kuwa rafiki yake.

Afrika tulikuja na sababu nyingine iliyotusukuma, nayo ni msongamano magerezani. Zimbabwe ilianza mpango wa huduma kwa jamii mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 wajumbe kutoka nchi mbalimbali walikutana Kadoma, nchini humo humo, wakatoa azimio la kuueneza barani. Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1998, Uganda mwaka 2000, sisi mwaka 2002.

Kwa hiyo wazo si geni na si la kubahatisha. Swali gumu ni nani atalisimamia.

Watu wakipungua

Uingereza ni mfano mzuri wa kujifunza. Mwaka 2014 serikali iligawa kazi ya uangalizi. Wahalifu wa hatari kubwa wakabaki na idara ya serikali, na wale wa hatari ndogo na ya kati wakapewa kampuni 21 binafsi. Baada ya muda wakaguzi wa serikali wenyewe walikuta maafisa wamebebeshwa watu wengi kupita kiasi, na wengine wanawafuatilia watu wao kwa simu tu bila kuonana nao. Mwaka 2021 kazi yote ikarudishwa chini ya idara moja ya umma. Nchi tajiri, yenye sheria ya zaidi ya miaka 100, ilijikwaa hapo.

Japani wameshika njia nyingine. Maafisa wa kuajiriwa ni wachache, lakini wanasaidiwa na watu wa kujitolea zaidi ya 45,000, ambao ni wazee wa mtaa, wastaafu na wenye maduka. Hao humkaribisha mtu nyumbani kwao, wakazungumza, wakamsaidia kutafuta kazi. Kenya nayo imekuwa na watu wa kujitolea wanaosaidia maafisa wake wa probesheni.

Kwetu, kazi hii iko kwenye Idara ya Huduma za Uangalizi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Lakini afisa hawezi kukaa kila shule na kila zahanati. Kwa hiyo usimamizi wa kila siku unabaki kwa taasisi iliyompokea mtu. Na taasisi, ukiichunguza, ni mwalimu wa zamu.

Turudi kwenye daftari

Yule bwana, nitamwita Kaka tu, alikuwa amepewa miezi sita kwa kumjeruhi jirani yake katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Kila siku ya kazi alitakiwa kufanya masaa manne. Alikuja na kwanja lake mwenyewe. Wanafunzi walimwamkia shikamoo bila kujua lolote, maana hawakuambiwa. Sisi wakubwa ndio tuliokosa adabu. Ofisini alikuwa anaitwa "mfungwa wetu", hata yeye akiwa anasikia.

Wiki ya tatu niliwekwa zamu. Alhamisi asubuhi nikapewa daftari, mistari miwili iko wazi. Nikasema hizi siku mimi sikumwona. Nikajibiwa, "Saini tu mwalimu, huyu si mtoro, tumsaidie." Mimi ni mgeni, nasubiri alama za mazoezi. Nikasaini. Nilijiambia ni huruma.

Jumatatu iliyofuata afisa wa uangalizi akaja kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Kumbe jirani aliyejeruhiwa alikuwa amelalamika kwamba Jumanne saa tatu asubuhi, muda wa kazi, alimwona mtu wake kituo cha basi. Afisa akafungua daftari, akakuta Jumanne imesainiwa. Akauliza, "Nani alisaini hapa?"

Nikasema ni mimi.

Akaitwa Kaka. Akaeleza kwamba mtoto wake alizidiwa usiku wa Jumatatu, akampeleka hospitali ya wilaya, na kabla ya kuondoka alipita kwa jirani wa shule kuacha ujumbe. Cheti cha hospitali alikuwa nacho mfukoni, kimekunjwa mara nne. Alikuwa amekaa nacho siku zote hizo akisubiri mtu amuulize.

Afisa hakunifokea. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi, kwamba ningeandika "hakufika, sababu inafuatiliwa", dharura yake ingejulikana na siku mbili zingefidiwa. Kwa kuandika "amefika", nilimfanya mtu mwenye sababu ya haki aonekane amekula njama na walimu. Angepelekwa mahakamani kwa kukiuka amri, na daftari ambalo lilipaswa kumtetea ndilo lingemshitaki. Na yule jirani aliyeumizwa naye angesema nini? Kwamba adhabu ya nje ni mchezo wa kuigiza. Hapo angekuwa na haki kabisa.

Niliandika maelezo ya kurasa mbili na kusaini. Hiyo ikawa saini ya tatu. Afisa alikubali cheti, Kaka akafidia siku zake. Mimi nilimwomba radhi chini ya mwembe, akanijibu, "Hamna neno mwalimu, wewe ulitaka kunisaidia." Ningependelea angenigombeza.

Tukifika huko

Kwa wale mtakaokwenda fildi mwaka huu, na kwa maisha ya kazi baadaye, nina mambo manne ya kushauri.

Moja, uliza amri ya mahakama inasema nini: masaa mangapi, kazi gani, kwa muda gani. Mtu hakuletwa kumlimia mkuu wa shule shamba lake binafsi. Kazi ni ya umma.

Mbili, andika ulichokiona wewe mwenyewe. Kama hukuwepo, asaini aliyekuwepo.

Tatu, akikosa, ulizia sababu siku hiyo hiyo na mjulishe afisa. Usimfiche na usimkimbilie kumshitaki.

Nne, mwite kwa jina lake. Mahakama imemwacha aishi nyumbani ili abaki baba, jirani na mkulima. Tukimwita mfungwa kila asubuhi tunamjengea gereza lingine pale pale shuleni.

Na tukiwa na nafasi ya kusema kwenye mikutano na mijadala yetu, tusiishie kudai magereza yapunguzwe watu. Tudai pia maafisa wa uangalizi waongezwe, wapewe usafiri na posho ya mafuta, na walimu wapewe japo semina ya siku moja. Yule afisa alipomaliza na sisi alipanda tena bodaboda. Siku hiyo alikuwa na vituo vingine vitatu, na kimoja kilikuwa ng'ambo ya mto.