Ngazi Kwanza, Ada Baadaye: Kijitabu kwa Wanaokusudia Kusomea Usimamizi Endelevu wa Mazingira Croydon na London

Kijitabu hiki kimeandaliwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Croydon, kusini mwa London, na jamaa zao walioko Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Goma ambao wamekwisha kusikia kwamba kazi za mazingira zina soko na sasa wanatafuta chuo. Mambo mawili yamehimiza kiandikwe wakati huu. La kwanza ni kanuni mpya ya Serikali ya Uingereza, ambayo kwa waombaji wa kuanzia tarehe 1 Januari 2027 inapunguza ruhusa ya wahitimu, yaani ruhusa ya kubaki nchini na kufanya kazi baada ya kumaliza shahada, kutoka miaka 2 hadi miezi 18, isipokuwa kwa wenye shahada ya uzamivu, ambao wataendelea kupewa miaka 3. La pili ni malalamiko ya watu waliolipa ada, wakasoma kwa bidii, wakafaulu, kisha wakagundua kwamba cheti walichokabidhiwa sicho walichodhani wanakisomea. Malalamiko hayo yana sura nyingi lakini mzizi wake ni mmoja: hakuna aliyesoma ngazi ya kozi kabla ya kutoa fedha. Msomaji mwenye haraka asiyeweza kusoma zaidi ya sentensi moja na aisome hii: ngazi huhakikiwa kwanza, ada hulipwa baadaye.

Fani yenyewe, na ardhi ya Croydon

Usimamizi endelevu wa mazingira ni fani inayofundisha namna ya kutumia ardhi, maji, hewa na nishati, na namna ya kushughulika na taka, bila kuwaachia watakaozaliwa kesho deni lisilolipika. Si fani ya kupanda miti peke yake, kama inavyodhaniwa mara nyingi, kwani mwanafunzi wake hupimishwa udongo, husomeshwa sheria, hukokotoa hewa ya ukaa inayotoka katika jengo au kiwanda, na hufundishwa kuandika tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo ni uchunguzi unaofanywa kabla ya mradi kuanza ili ijulikane utaharibu nini na madhara hayo yatapunguzwaje.

Croydon ni mahali pazuri zaidi pa kuielewa fani hii kuliko sifa yake ya maghorofa inavyoonyesha. Sehemu kubwa ya kusini mwa wilaya hiyo imelala juu ya miamba ya chaki, ambayo hunywa mvua kama sifongo na kuitoa polepole. Katika bonde la Kenley na Purley kuna kijito kiitwacho Caterham Bourne, ambacho kinaweza kukaa miaka bila kuonekana, kisha baada ya majira ya mvua nyingi maji ya chini ya ardhi yanapanda hadi kuchomoza yenyewe kwenye bustani na barabara. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 2014, wakati mafuriko yalipotishia mtambo wa kusafishia maji ya kunywa wa Kenley, na njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya barabara huko Purley ikaachwa ijae maji kwa makusudi ili mtambo usalimike. Anayelitazama tukio hilo kwa jicho la mpita njia ataona barabara iliyozama. Aliyesomea fani hii ataona uamuzi, yaani kitu kimoja kimetolewa ili kingine kipone, na atauliza ni nani aliyepima, kwa takwimu gani, na kwa nini nyumba ziliruhusiwa kujengwa katika bonde la kijito ambacho hakijafa bali kimelala.

Mto Wandle unafundisha somo la aina nyingine. Chemchemi zake zimo Waddon na Carshalton, nao unamwaga maji katika Thames huko Wandsworth. Kwa karne nyingi uliendesha vinu na viwanda, hadi katikati ya karne ya 20 ukawa hauna tofauti kubwa na mfereji wa maji machafu, na leo samaki wa maji baridi wamerejea kwa sababu ya kazi ya miaka mingi ya kuusafisha. Taka za majumbani za Croydon, pamoja na za Kingston, Merton na Sutton, hupelekwa katika tanuri la kuzalisha umeme la Beddington, ambalo wengine huliona ni suluhisho na wengine huliona ni moshi uliohamishiwa kwa jirani. Mwanafunzi makini hatakosa mada ya tasnifu.

Mtego wa jina na namba

Hapa ndipo panapostahili kusomwa mara mbili. Nchini England sifa za elimu hupangwa kwa ngazi zilizohesabiwa hadi 8. Ngazi ya 3 ni ya wanaomaliza sekondari ya juu, yaani inalingana na kidato cha sita. Ngazi ya 4 ni sawa na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu na ndiko iliko HNC (Higher National Certificate). Ngazi ya 5 ina HND (Higher National Diploma) pamoja na digrii ya faundesheni. Ngazi ya 6 ni shahada ya kwanza. Ya 7 ni ya uzamili na ya 8 ni ya uzamivu. Tanzania inahesabu vingine: katika mfumo wa elimu ya ufundi, ngazi ya 6 ni stashahada, na shahada ya kwanza inakaa ngazi ya 8. Kenya nayo inaiweka diploma katika ngazi ya 6 na shahada ya kwanza katika ngazi ya 7. Namba ileile 6, kwa hiyo, ni shahada kamili jijini London na ni stashahada Morogoro, na namba 7 inayomfurahisha mtu wa Eldoret kwa kuwa ni shahada ya kwanza ni kiwango cha uzamili England.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno diploma. Katika masikio ya Mwafrika Mashariki, diploma ni elimu ya juu, hupatikana baada ya sekondari, na mwenye nayo huajiriwa. Nchini Uingereza neno hilo halitaji kiwango chochote. Linaweza kuambatana na ngazi ya 2, ya 3, ya 5 au ya 7, na linalotofautisha ni namba tu. Karatasi ya tangazo huandikwa diploma ya uendelevu wa mazingira kwa herufi zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara, na chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani, huandikwa ngazi ya 3. Kijana aliyemaliza kidato cha sita Tabora akailipia kozi hiyo kwa viwango vya ada za wageni amelipia kurudia kidato cha sita katika nchi ya baridi.

Mtego wa pili umetengenezwa na tafsiri. Digrii ya faundesheni, ambayo ni sifa ya miaka 2 ya ngazi ya 5, baadhi ya mawakala huiita kwa Kiswahili shahada ya awali, na kila msomaji wa Tanzania anajua kwamba shahada ya awali ni shahada ya kwanza. Tafsiri hiyo inapotosha. Digrii ya faundesheni inahitaji mwaka mmoja au zaidi wa nyongeza ili iwe shahada kamili, na nyongeza hiyo ina ombi lake na ada yake. Isichanganywe pia na mwaka wa faundesheni, ambao ni mwaka wa maandalizi kabla ya kuingia chuo kikuu na ambao peke yake hautoi digrii yoyote.

Mtego wa tatu huwanasa hata wasomi. Diploma ya ngazi ya 7 iliyotolewa na bodi ya mitihani ina ugumu wa kiwango cha uzamili, lakini siyo shahada ya uzamili, kwa sababu shahada hutolewa na chuo kikuu au taasisi iliyopewa mamlaka hayo kisheria. Kulingana kwa ngazi hakumpi mtu jina la shahada.

Namna ya kuhakiki

Uhakiki hauhitaji wakala, wala hauna malipo. Serikali ya Uingereza huweka hadharani orodha 3 katika intaneti, na kila moja ina kazi yake. Orodha ya Ofqual, ambayo ni mamlaka ya kusimamia sifa na mitihani nchini England, huonyesha sifa zisizo za shahada, namba zake, ngazi zake na bodi inayozitoa. Sifa inayodaiwa kuwa imeidhinishwa na Ofqual lakini haimo humo ichukuliwe kuwa haipo. Orodha ya Office for Students huonyesha watoaji wa elimu ya juu waliosajiliwa England na ni nani kati yao wenye mamlaka ya kutoa shahada. Orodha ya tatu ni ya Wizara ya Mambo ya Ndani, nayo huonyesha vyuo vyenye leseni ya kudhamini wanafunzi kutoka nje ya nchi.

Msomaji atazame pia ni nani anayefundisha na ni nani anayetoa cheti, kwani mara nyingi si mmoja: chuo kidogo kinaweza kufundisha kozi ambayo shahada yake inatolewa na chuo kikuu kilicho mji mwingine, na katika hali hiyo jina la kuhakiki ni la yule anayetoa.

Tena, orodha zitazamwe siku ya kulipa, si siku ya kusikia habari za chuo, kwa sababu leseni huja na kuondoka. Mwezi Agosti 2012, London Metropolitan University, chuo kikuu halisi kisicho na ubabaishaji wa vichochoroni, kilinyang'anywa leseni ya kudhamini wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na zaidi ya wanafunzi 2,000 wakajikuta wanatafuta pa kwenda, ingawa leseni ilirejeshwa mwaka uliofuata. Ikiwa chuo kikuu kiliweza kupatwa na hayo, chuo kilichopanga vyumba viwili juu ya duka la simu kisiaminiwe kwa maneno.

Kuhusu mawakala, kutoa ushauri wa uhamiaji nchini Uingereza bila kusajiliwa ni kosa la jinai kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999, na msimamizi wa washauri hao, tangu Januari 2025, anaitwa Immigration Advice Authority. Mamlaka hayo, hata hivyo, hayamfikii wakala aliyeketi Kariakoo jijini Dar es Salaam au River Road jijini Nairobi. Huyo adaiwe risiti na mkataba unaotaja jina kamili la sifa, ngazi yake na mtoaji wake, na akikataa kuandika ngazi, mazungumzo yaishie hapo.

Ngazi na ruhusa ya kuishi

Waafrika Mashariki wengi walilijua jina la Croydon kwa sababu ya Lunar House, jengo la Wizara ya Mambo ya Ndani lililoko Wellesley Road, na wengi hudhani kwamba matatizo ya viza huanzia katika jengo hilo. Mara nyingi yameanzia katika ngazi ya kozi. Kwa kawaida mwanafunzi mwenye viza ya masomo anayesoma shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini anayesoma kozi iliyo chini ya shahada huruhusiwa saa 10 tu, na aliyepiga bajeti ya chumba cha Thornton Heath kwa saa 20 atavunja sheria kabla ya Krismasi. Ruhusa ya wahitimu, ile iliyopunguzwa, hupewa waliopata shahada ya kwanza au zaidi. Mwenye diploma ya ngazi ya 3 au ya 5 hana miezi 18 wala siku 18. Familia nazo, kwa kozi zilizoanza tangu tarehe 1 Januari 2024, huruhusiwa kuambatana na wanafunzi wa shahada za utafiti na wanaodhaminiwa na serikali, basi.

Kuhusu fedha za kujikimu, kiasi kinachotakiwa kwa ajili ya viza hubadilika na kinapaswa kukaa benki siku 28 mfululizo. Kuhusu ada, wenye ruhusa ya kudumu ambao wamekaa Uingereza miaka 3 au zaidi kabla ya kozi kuanza kwa kawaida hutozwa ada ya wenyeji. Wengine waulize chuo.

Kurudi nyumbani

Si lazima kuvuka bahari ili kuisomea fani hii, kwani Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo Kikuu Ardhi, Kenyatta na Makerere vinaifundisha, na wanaopanga kufanya kazi Afrika Mashariki wapime faida ya kwenda mbali. Aliyekwenda akirudi Tanzania, shahada yake itahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na sifa iliyo chini ya shahada itapelekwa NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Huko ndiko namba za Uingereza zitakapokutana na namba za nyumbani, na afisa hatasikiliza tafsiri ya wakala. Anayetaka kusajiliwa kuwa mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, iwe chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania au ile ya mwaka 1999 ya Kenya, ataulizwa cheti chake ni cha ngazi gani.

Cheti peke yake hakitoshi. Nakala ya matokeo yenye kila somo na alama zake ichukuliwe kabla ya kuondoka London, ikiwa na muhuri, na iombwe kwa taasisi inayotoa sifa na si kwa chuo kilichofundisha tu, kwa kuwa chuo kilichofundisha kinaweza kufungwa na simu zake zikakosa wa kuzipokea, ilhali chuo kikuu kilichotoa shahada huendelea kutunza kumbukumbu za wahitimu wake.