Ngurumo Zikianza, Ondoka Shambani

Wakulima wa wilaya za Bariadi, Maswa, Itilima, Busega na Meatu hulima pamba na mahindi msimu uleule wa ngurumo, tena kwenye mbuga tambarare ambako mtu aliyesimama na jembe ndiye anayechomoza kuliko vyote. Usingoje mvua ikufikie. Ukiona mwale wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, acha kazi, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kimbilia nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma, vioo vikiwa vimefungwa. Bodaboda, baiskeli na mkokoteni wa maksai havikukingi. Mti ndio mtego mkubwa: umeme hushuka shinani na kusambaa ardhini. Ng'ombe, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, huumia zaidi. Kundi zima laweza kufa kwa pigo moja. Mchungaji aliyejibanza na ng'ombe chini ya mti hana nafuu.

Ndani nako kuna tahadhari zake. Januari 2025 radi iliua wanafunzi wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe, mkoani Geita, wakiwa darasani. Kaa mbali na madirisha, kuta na mabomba. Chomoa televisheni na chaja mapema. Simu isiyochomekwa haivuti radi, ingawa wengi husema inavuta.

Aliyepigwa habaki na umeme mwilini, mguse. Asipopumua, mkandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga 112.